Kutoka Dar es Salaam Hata Mwanza

Nalipata habari kuwa mama yangu ni mgonjwa huko Mwanza. Reli ya zamani, iliyofika Mwanza mwaka 1928, huzunguka kwa Dodoma na Tabora, kilometa zaidi ya 1,200. Bali ndege hukata moja kwa moja, kilometa kama 850, kwa muda wa saa moja na nusu. Basi asubuhi nikapeleka neno: "Saa nne nitakuwapo." Lo! Sikuhesabu njia ya kwenda kiwanjani, wala kungoja huko, wala mwendo kutoka kiwanja cha Mwanza hata nyumbani. Mama alijikokota, akakaa mlangoni kunitazamia. Nilipofika saa tisa nalimkuta yu palepale, akitetemeka. Mkisafiri, hesabuni safari nzima, si ya angani tu, yuko anayewangojea.