Mahagi-Port: Kipimo kikisema hakuna Ebola, mbona mgonjwa bado anazuiliwa?

Kando ya Ziwa Albert, hapa Mahagi-Port, kuna swali ambalo halijaisha tangu Ebola ya miaka 2018 hadi 2020. Mtu amepimwa, jibu limetoka kwamba hana ugonjwa, mbona waganga wanakataa arudi nyumbani? Familia zilizokimbia mauaji ya Djugu ndizo zinaliuliza kwa uchungu zaidi. Nyingi zilishapotezana njiani mara ya kwanza, na kutenganishwa tena na mtoto, hata kwa siku mbili, si jambo dogo.

Mlipuko ule, uliopiga hasa Kivu Kaskazini na Ituri, ulishika watu 3,470 na kuua 2,287. Bunia, Komanda na Mambasa ziliguswa, na mwaka 2019 kisa kikaonekana hata Ariwara, kule Aru, jirani na Mahagi.

Sasa, kipimo. Virusi vikiwa ndiyo kwanza vimeingia mwilini, ni vichache katika damu. Mtu aliyeanza homa jana anaweza kupimwa mashine isione kitu, keshokutwa ikaona. Ndiyo maana damu iliyochukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze haitoshi kumfungulia mtu mlango. Kanuni ilikuwa majibu mawili yasiyo na virusi, yaliyopishana saa 48. Kwa mama aliyeacha watoto wengine chini ya turubai, saa 48 ni ndefu mno, na zinakuwa ndefu zaidi pale ambapo hakuna anayemweleza damu itachukuliwa tena siku gani.

Mashine yenyewe, GeneXpert, ndiyo ile ile inayotafuta kifua kikuu katika makohozi. Kwa Ebola inatoa jibu chini ya saa mbili. Iliwekwa karibu na wagonjwa, Bunia ikiwemo, badala ya kila damu kusubiri ndege ya Kinshasa. Hilo lilikuwa jambo kubwa, lisisahaulike.

Lakini katriji yake ya Ebola inatafuta aina ya Zaire tu. Aina ya Sudan, iliyozuka Uganda Septemba 2022, haiioni. Wala isingeiona Marburg iliyoua watu 128 kati ya 154 kule Durba, kwenye machimbo ya dhahabu, kati ya 1998 na 2000. Na kuna jambo jingine linalowatatiza hata wauguzi. Katriji hutafuta sehemu mbili za kirusi, na chanjo iliyotolewa wakati ule kwa watu zaidi ya 300,000 imebeba moja ya sehemu hizo. Mtu aliyechanjwa juzi akipata homa, mashine inaweza kuonyesha sehemu ile moja bila ya pili. Haina maana kwamba chanjo imemtia Ebola. Maabara ikijua kwamba amechanjwa, italisoma jibu lake vizuri, kwa hiyo asilifiche.

Wengi huuliza kwa nini kusiwe na kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, kama cha malaria. Vipo. Shida yake inaonekana kwa hesabu. Chukua mfano wa watu 1,000 wenye homa, na watano tu kati yao wana Ebola. Kipimo kinakamata wanne kati ya hao watano, na kinakosea kwa watu watano katika kila mia ya wasio nayo. Kitanyooshea kidole watu kama 54. Wanne ndio wagonjwa wa kweli. Hamsini wana malaria, taifodi au homa nyingine, na wanaweza kulazwa karibu na wale wanne. Na mgonjwa mmoja wa kweli atarudi kambini, kwenye hema la watu kumi.

Mahali kipimo cha haraka kinapofaa zaidi ni kwa maiti, kwa sababu mwili wa aliyekufa kwa Ebola huwa umejaa virusi. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha OraQuick kwa damu ya mgonjwa na pia kwa mate ya aliyefariki karibuni. Hapo pia maabara lazima ithibitishe. Kipimo hicho kikisema hakuna virusi, mwili bado unashikwa kwa glavu na kuzikwa kwa tahadhari, na ndugu husimama mbali kidogo wakisubiri jibu la pili.