Ugonjwa Usio na Msemaji

Mgonjwa mwenye ulimi hutanguliza maneno yake mbele ya mganga. Mnyama hutanguliza kimya. Mtu akiumwa husema panapouma, na tangu lini. Mbwa na paka hawakujaliwa kipaji hicho. Jicho la mfugaji ndilo ulimi wao, na jicho hilo likilala, ugonjwa hukesha. Saratani huupenda sana usingizi huo.

Katika nyumba moja ya Tanga walikuwamo wanyama wawili. Paka jike alilala mkekani na kupapaswa na kila mtoto. Mbwa dume alilala uani karibu na lango. Kwa kuwa mate yake ni najisi, hakuguswa. Kazi yake ilikuwa kubweka usiku, na ujira wake makombo.

Ikawa mbwa akaanza kudondoka damu katika utupu wake. Majirani walicheka, na wengine wakashauri auawe. Mwenye nyumba aliona haya kumpeleka kwa daktari wa mifugo, lakini alikumbuka kuwa mnyama yule amelinda usingizi wake miaka sita, na shukrani ikaishinda haya.

Daktari alikuta uvimbe mwekundu, laini, wenye vifundo vifundo. Alipaka majimaji yake juu ya kioo, akayatia rangi, akayatazama kwa hadubini. Aliona seli za mviringo zenye viputo vidogo ndani yake, akaijua ile saratani ambayo mbwa huambukizana kwa kujamiiana. Ugonjwa huu ni wa ajabu: hauletwi na kijidudu, bali seli zenyewe za saratani huhama zikiwa hai kutoka mwili hadi mwili. Mwaka 1876 Mrusi Mstislav Novinsky alipandikiza uvimbe wa namna hiyo kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, nao ukaota. Umesafiri hivyo kwa maelfu ya miaka.

Dawa yake ni vinkristini, iliyotolewa kwanza katika mmea mdogo wa Bukini ambao watu wengi huupanda bustanini kwa uzuri wa maua yake. Hutiwa katika mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 8. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama; tena hupunguza chembe nyeupe za damu, kwa hiyo damu hupimwa. Mbwa alipochomwa sindano ya tano, uvimbe ulikuwa umetoweka.

Siku ile mke wa mwenye nyumba alimchukua paka pia, akaonyesha kinundu karibu na titi.

"Kimeanza lini, mama?" daktari aliuliza.

Mama alinyamaza. Vidole vyake vilikuwa vimekipapasa kwa miezi mingi, akidhani ni jipu.

Uvimbe wa matiti ya mbwa huwa saratani hasidi kwa kadiri ya nusu. Wa paka, zaidi ya 8 katika kila 10. Ukikatwa ungali chini ya sentimita 2, pamoja na mstari mzima wa matiti, mnyama aweza kuishi miaka. Huu ulikuwa umepita kipimo hicho, na picha ya kifua ilionyesha madoa mapafuni. Upasuaji haukuwa na faida tena. Daktari alitoa dawa ya kutuliza maumivu, akaonya asipewe vidonge vya watu, maana parasetamoli huua paka. Paka alipoacha kula, alichomwa sindano ya usingizi usio na kuamka.

Mapenzi si uangalizi. Mkono uliompapasa paka kila siku ulikigusa kinundu kila siku, usikitambue. Jicho lililomdharau mbwa lililazimishwa na damu kumtazama. Mbwa au paka jike akifungwa uzazi mapema, hatari ya saratani ya matiti hupungua sana. Kinundu kilichozidi ukubwa wa punje ya njegere, au kilichokaa mwezi mmoja, chafaa kupelekwa kwa daktari, si kusubiriwa.

Jioni ya maziko ya paka mwenye nyumba alikwenda uani, akamwita mbwa. Kwa mara ya kwanza alipitisha vidole shingoni, kwapani na tumboni mwake, polepole, kama asomaye maandishi. Hakukuta kitu. Kisha alikwenda kunawa.