Arepa, Muthokoi na Wimbo wa Mchi

Kamusi zetu za Kiswahili hazina neno arepa, na sioni haja ya kulilazimisha liingie humo. Arepa ni mkate mdogo wa duara, mnene kiasi cha kidole gumba, unaofinyangwa kwa mahindi yaliyopikwa na kuchomwa juu ya bamba kavu. Huliwa Venezuela na Kolombia asubuhi, jioni na hata usiku wa manane, aghalabu ukiwa umetiwa jibini ndani. Husemekana kuwa jina lake limetokana na erepa, neno la Wakumanagoto wa mashariki ya Venezuela lenye maana ya mahindi. Galeotto Cei, Mwitaliano kutoka Firenze aliyezunguka sehemu hizo kati ya 1539 na 1553, aliukuta mkate huu ukiliwa na akaliandika jina hilo.

Katika darasa la tafsiri, mwenzangu mmoja alipendekeza tuuite "chapati ya mahindi". Mwingine, mzaliwa wa Lamu, akasema "mofa". Nilimwelewa zaidi huyu wa pili, kwa kuwa mofa nao ni mkate mdogo wa duara, ingawa asili yake ni unga wa mtama na huokwa tanurini. Chapati ni jambo jingine kabisa. Hukandwa kwa unga mbichi wa ngano, na ngano ina ule mnato unaoliwezesha donge kuvutwa, kusukumwa na kukunjwa. Mahindi hayana mnato huo. Hapa ndipo penye kiini cha mapishi ya arepa na, kwa maoni yangu, ndipo penye kiini cha tafsiri yake.

Chukua unga wetu wa ugali, uukande kwa maji ya vuguvugu na chumvi, kisha ujaribu kuufinyanga. Donge litapasuka kingoni, na likifika motoni litasambaratika kama udongo wa kichuguu wakati wa kiangazi. Wanga wa mahindi haushikamani mpaka uwe umevimba kwa maji na moto. Kwa hiyo mahindi ya arepa hupikwa yakiwa punje nzima, ndipo yakasagwa. Sisi husaga kisha tukapika. Wao hupika kisha wakasaga. Tofauti yote imo katika mpangilio wa vitenzi viwili. Wameksiko, ambao ndio wenye asili ya mmea wenyewe, huyachemsha mahindi pamoja na chokaa ili ganda lilegee, na hivyo ndivyo wapatavyo tortilla. Arepa ya kawaida haitiwi chokaa. Ganda hutolewa kinuni, kwa mchi, kabla ya mahindi kuingia chunguni.

Msomaji wa Ukambani ameshaanza kutabasamu. Mahindi makavu yaliyonyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa mpaka ganda likatoka, yakapepetwa, yakabaki meupe: hayo kwetu ni muthokoi, na hakuna nyumba ya Kikamba isiyoyajua. Kihispania kina kitenzi kimoja cha kazi hiyo, pilar. Kiswahili kinavyo kadhaa: tunakoboa, tunatwanga, tunaponda, tunapepeta, na kila kimoja kina mahali pake. Mfasiri anayesema tunakosa maneno ya kuielezea arepa ametazama rafu ya nomino tu, akaliacha ghala la vitenzi nyuma yake.

Yote haya yasingenishughulisha sana lau tasnifu yangu ya uzamili isingekuwa juu ya nyimbo za kutwangia. Tunafundishwa kuwa hodiya, yaani nyimbo za kazi, hupunguza uchovu, huhimiza bidii na kujenga ushirikiano. Ni sawa. Lakini mwaka jana nilipokwenda nyumbani Makueni na kinasa sauti changu, nikamwomba mama aniimbie nyimbo alizotwangia akiwa msichana, alinitazama kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "wewe unautafuta wimbo. Sisi tulikuwa tunautafuta usingizi."

Akanieleza. Walikuwa watu kumi na mmoja katika boma lao. Yeye na dada yake waliamka jogoo wa kwanza akiwika, wakatwanga mahindi ya siku nzima kabla ya kwenda mtoni. Michi miwili katika kinu kimoja: huu ukipanda, ule unashuka. Aliyesinzia aliweza kuuponda mkono wa mwenzake. Wimbo ulikuwa wa kuwaweka macho. Malengelenge ya viganja yalipasuka, yakapona, yakapasuka tena. Mashine ya kukoboa ilipofika sokoni, bibi yangu aliuza mbuzi ili ada ya mashine isikose. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na mimi, mtoto wa kiume, sikuwahi kukilalia hicho. Wakati wa utoto wangu kinu kilikuwa kiti cha kuku.

Venezuela nako mambo yalikwenda vivyo hivyo, tena kwa kasi. Huko zilikuwapo nyimbo za kinuni, zikiimbwa na wanawake, mara nyingi wawili wakipokezana mapigo na maneno. Mwaka 1954 mhandisi Luis Caballero Mejías alipata hataza ya unga wa mahindi yaliyokwisha kupikwa na kukaushwa. Mwaka 1960 kampuni ya Polar ikauingiza sokoni ikiuita Harina P.A.N. Kazi iliyoanza usiku kwa kutwanga, ikafuatwa na kuchemsha na kusaga, ikageuka kuwa ya dakika chache: unga, maji, chumvi, mkono. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tungeandika makala ndefu za kuomboleza. Sidhani kama jikoni palikuwa na kilio kikubwa.

Hata hivyo, hadithi haikuishia hapo. Uchumi wa nchi ile ulipoporomoka, hasa kuanzia mwaka 2014, unga ule uliadimika, watu wakapanga foleni tangu alfajiri. Wengi walirudia kuchemsha punje na kuzisaga kwa mashine ya mkono, na waliojua namna ya kuzitengeneza wakatafutwa na majirani. Zaidi ya watu milioni 7 wamekwisha kuihama nchi hiyo, na arepa zao sasa zinachomwa Bogotá, Lima na Madrid.

Nilipomsimulia mama hayo hakusema kitu. Kesho yake asubuhi nilimkuta amekiosha kinu na kukianika, na jirani yetu, mama wa makamo yake, amekuja na mchi wake mwenyewe.

Walitwanga kilo mbili. Hapo ndipo nilipolisikia jambo ambalo vinasa sauti vyangu vya awali havikuwa nalo. Wazee niliokuwa nimewarekodi wakiwa wameketi vigodani waliimba haraka, mistari ikifuatana bila nafasi. Hawa wawili waliimba polepole, na katikati ya kila mstari palikuwa na kimya kifupi. Kimya hicho ni wakati ambao mchi uko hewani. Pumzi inaingia mchi ukipanda, neno linatoka ukishuka, na mshindo wenyewe unakamilisha kipande. Mizani ya wimbo ule haihesabiki kwa silabi peke yake, kwa kuwa sehemu yake moja haitamkwi na yeyote. Ukimwondolea mwimbaji kinu, unamwondolea kituo. Maneno siyaandiki hapa. Mengi yalimhusu mavyaa fulani na uchoyo wake wa chumvi. Baadhi yamo katika tasnifu, na mengine mama alikataa katakata yaingie humo.

Muthokoi ule tuliuloweka usiku kucha, tukauchemsha kwa zaidi ya saa moja. Punje huwa tayari inapokatika kwa jino bila kugeuka uji. Ikilainika kupita hapo, unga utakuwa wa kunata na mkate hautasimama. Tuliyachuja maji, tukayasaga mahindi yangali na joto kwa mashine ya mkono, ile ya kusagia nyama. Blenda sikuipenda hata Nairobi, maana hudai maji ndipo izunguke. Nikatia chumvi na kijiko cha samli, nikakanda mpaka donge likawa laini kama udongo wa mfinyanzi, lisiloshika kiganja wala kupasuka kando. Likipasuka, lilowanishie mkono tu. Usilimwagie maji.

Jibini tuliitengeneza papo hapo. Lita mbili za maziwa ya ng'ombe wa jirani zilichemshwa, zikakamuliwa ndimu mpaka yakakatika, tukayachuja kwa kitambaa safi na kuyawekea jiwe juu. Tulipata karibu robo kilo. Jibini ya ndimu ina tabia yake: haiyeyuki motoni. Hulainika tu, ikabaki chembechembe zenye uchachu wa mbali. Anayetaka ile inayovutika kama ulimbo anunue iliyogandishwa kwa kimeng'enya, kama mozarela. Binafsi ninaichagua ya ndimu, kwa sababu inakaribiana na jibini nyeupe mbichi za vijijini Kolombia, na kwa sababu nyingine ya wazi zaidi: mfuko wa mwanafunzi.

Kufinyanga ni kazi ya viganja. Unatwaa donge la kiasi cha chungwa dogo, unalitoboa kwa kidole gumba, unalijaza jibini, unalifunga, kisha unalibapa taratibu huku ukilizungusha ili kingo zisiachane. Bamba la chapati liwe kavu na moto uwe wa wastani. Acha kila upande dakika saba au nane bila kuugusagusa, mpaka ufanye ganda lenye madoa ya hudhurungi. Gonga kwa ukucha: iliyoiva hutoa sauti ya uwazi, kama ngoma ndogo. Mama, ambaye hakuwahi kulisikia jina arepa hadi wiki ile, ndiye aliyekuwa akigonga na kuamua. Hakukosea hata moja.

Tulikula nje, chini ya mwembe, na chai ya maziwa. Jirani alikula mbili, akauliza ndimu ngapi zilitumika. Mama aliivunja yake katikati, akaichungulia jibini, akatafuna kwa utulivu wa hakimu.

"Huu ni muthokoi," akasema. "Umekosa maharagwe tu."

Jioni ile alichemsha maharagwe, akayaponda na kitunguu, na za mwisho sita tukazijaza hayo.