Mchu wa Msimbati

Mwaka 1996 nilikuwa kijana wa Kitai, Mbinga, nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda. Kahawa ya baba haikututosha sote. Mjomba aliyekuwa akifanya kazi Mtwara akaleta habari kwamba huko kuna kibarua cha kupanda mikoko. Mikoko nilikuwa nimeisoma katika jiografia tu, na bahari sikuwahi kuiona. Maji makubwa niliyoyajua ni ya Ziwa Nyasa, ambayo mtu huyateka kwa kiganja akanywa.

Toka Songea hadi Mtwara kupitia Tunduru na Masasi sehemu kubwa ilikuwa barabara ya vumbi, na mvua ikinyesha malori yalilala kwenye tope. Tulikuwa tukitaniana garini kwamba mto Ruvuma, unaoanzia milima ya Matogoro pale Songea, utafika baharini kabla yetu. Nilikopelekwa ndiko huko huko uendako: ukanda wa Msimbati, karibu na mahali mto unapomwaga maji katika Bahari ya Hindi.

Miaka ile mikoko ilikuwa imeanza kupangiwa utaratibu. Mwaka 1991 Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameandika mpango wa usimamizi wa mikoko yote ya Tanzania Bara. Aliigawa misitu hiyo mafungu manne: ya kulindwa kabisa, ya kuvunwa kwa kibali, iliyoharibika inayohitaji kupumzishwa na kupandwa upya, na maeneo machache ya shughuli za maendeleo. Pale tulipopanda sisi palikuwa pamekatwa kuni na boriti mpaka pakabaki visiki.

Kupanda mkoko wenyewe ni kazi nyepesi. Mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikarefuka na kuning'inia kama bamia kubwa. Unachagua iliyokomaa, yenye pete ya manjano pale inapoungana na tunda, unasubiri maji yapwe, unaichomeka tope likameza theluthi yake. Siku moja watu wachache hujaza eneo kubwa, na likipigwa picha linapendeza.

Nadhani hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Msimamizi wetu alitaka mistari ile ile iendelee hadi juu, kwenye jangwa, yaani uwanda mkavu ulio nyuma ya mikoko ambako chumvi huganda juu ya ardhi ikang'aa jua likiwaka. Bibi mmoja aliyekuwa akiokota chaza jirani alitutazama, nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia:

"Mjukuu wangu, huo mtauua bure. Hapa maji hufika bamvua tu. Maji mafu yakiingia, panakauka na chumvi inabaki. Pandeni mchu."

Nilipeleka maneno yake kwa msimamizi, yakapuuzwa. Kabla ya masika, mistari yote ya juu ilikuwa vijiti vyeusi.

Mchu wenyewe, nao wa jamii ya mikoko, ulikuwa mbele ya macho yetu, nasi tukiuona kichaka tu. Ukingoni mwa jangwa ulikuwa umedumaa, haufiki kifuani, majani yake kijani juu na rangi ya fedha chini. Bibi alichuma jani akaniambia nilambe. Lilikuwa na chembe za chumvi, kwa sababu mti huo hutoa chumvi kupitia majani yake, wakati mkoko hujitahidi kuizuia mizizini. Chini yake mizizi ya kupumulia ilikuwa imechomoza topeni wima, mamia kwa mamia.

Awamu iliyofuata alikuja msimamizi mwingine, naye alimsikiliza bibi. Mbegu za mchu tuliziloweka mpaka ganda likavuka, tukazipanda kwenye viriba, kazi niliyoijua tangu vitalu vya kahawa vya Mbinga. Miche ilipopata nguvu ndipo tukaihamishia ukingoni. Kaa walikula mingine, lakini iliyobaki ilishika.

Kwa wenyeji mchu haukuwa na sifa ya boriti ya mkoko, ile iliyosafirishwa kwa majahazi kujengea nyumba za Uarabuni. Hata hivyo walikuwa na kazi nao kila siku. Vigogo vyake vilichoma mawe ya matumbawe yakawa chokaa, matawi yake yaliyopinda yakawa mataruma ya mashua, mbuzi walikula majani, nyuki walifuata maua. Baadaye nilikuja kusoma kwamba pwani za Oman na za Ghuba, kwenye joto na chumvi kali kuliko yetu, mchu ndio mti wa jamii ya mikoko unaomudu kuishi.

Nimerudi Kitai zamani, na barabara ya Tunduru sasa ni lami. Siku hizi nasikia redioni kampeni za kupanda mikoko kwa maelfu, kwa ajili ya samaki na hewa ukaa, nami nafurahi. Ila ninyi mnaozisimamia, msihesabu miche iliyochomekwa; hesabuni iliyo hai baada ya masika mawili. Na kabla ya kuchomeka hata mmoja, waulizeni wanawake wanaookota chaza maji ya bamvua hufika wapi. Yanapofika kwa nadra, pandeni mchu.