Meza ya Guangzhou

Mtu wa Mombasa aendaye Guangzhou kwa biashara huulizwa na jamaa zake mambo mawili kabla hajafunga begi: atanunua nini, na atakula nini. Jambo la kwanza lina hesabu yake. La pili huachiwa mzigo: tende, biskuti, mikebe ya samaki na mikate ya mofa iliyofungwa kwa kitambaa, kana kwamba msafiri anaelekea jangwani. Mimi nami nilibebeshwa vitu hivyo, nikashukuru. Lakini siku nane nilizokaa katika mji ule zilinionyesha kwamba suala la chakula si dogo kuliko la bidhaa, na kwamba pengine yote mawili huamuliwa kwenye meza moja.

Guangzhou uko kusini mwa China, katika nchi tambarare ya Mto wa Lulu. Wazungu waliuita Canton, na wanajiografia wa Kiarabu wa zamani waliuita Khanfu. Tangu mwaka 1957 hufanyika huko maonyesho makubwa ya biashara, ambayo siku hizi huwa mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Mimi sikufuata maonyesho. Nilifuata soko la vitambaa la Zhongda, mahali ambapo maduka yamepangana ghorofa juu ya ghorofa, na majora yamesimamishwa milangoni kama watu wanaongoja zamu. Nilikuwa natafuta kitambaa cheusi cha mabuibui na cha maua cha madera, kwa duka letu dogo la Mtaa wa Biashara. Fedha nilizochukua hazikuwa zangu pekee. Sehemu yake ilikuwa akiba ya dada zangu wawili, na sehemu ilikuwa ya mama mkwe, aliyenikabidhi bila kuniandikisha hata karatasi. Shehena ilitakiwa ifike Kilindini kabla ya pirika za Idi.

Nilipanga chumba mtaa wa Xiaobei, ambako wafanyabiashara wa Kiafrika na wa Kiarabu wamezoea kufikia. Jioni ya kwanza, mwenyeji wangu alinifundisha kusoma maandishi mawili tu ya Kichina. Alikuwa kijana wa Kipemba aliyekuwa akisoma huko na aliyekubali kunifanyia ukalimani. Maandishi hayo husomwa qingzhen, na maana yake, neno kwa neno, ni "safi na kweli". Ndiyo alama ya chakula cha Waislamu katika China nzima. Mara nyingi huandikwa juu ya mlango kwa rangi ya kijani. Akanitahadharisha jambo moja: alama ile hukuhakikishia nyama na mafuta, lakini si kila mkahawa wenye alama hiyo hukosa bia katika jokofu lake. Kwa hiyo aingiaye na atumie macho yake pia.

Mkahawa uliokuwa chini ya nyumba niliyolala uliuza tambi za Lanzhou. Lanzhou ni mji wa kaskazini-magharibi, mbali sana na Guangzhou, na tambi hizo ni kazi ya Waislamu wa kabila la Wahui. Lakini wengi wa wenye mikahawa hiyo katika miji ya pwani hutoka mkoa jirani wa Qinghai. Baba wa nyumba ile, mwenye kofia nyeupe, alisimama mbele ya wateja na donge la unga wa ngano. Alilivuta kwa mikono miwili, akalikunja, akalivuta tena, na kila mkunjo ukazidisha nyuzi maradufu. Mteja ndiye anayechagua unene: nyembamba kama uzi au pana kama mkanda. Mkewe, mwenye mtandio, aliteka supu ya ng'ombe. Wenyeji wa Lanzhou huhesabu sifa tano za bakuli lao kwa rangi: supu iwe angavu, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, majani ya kotmiri yawe ya kijani, na tambi ziwe za manjano. Binti yao alikuwa akiandika kazi za shule kwenye meza ya pembeni, na kila mteja alipoingia aliinua kichwa akamwitia baba idadi ya bakuli. Nilikula pale asubuhi na usiku. Mikebe ya samaki ilibaki begini.

Mwenye kula mahali pamoja siku baada ya siku huanza kuyaona maisha ya watu. Niliona kwamba Wachina hunywa maji ya moto wakati wote, hata katika joto la kutoa jasho, na kila muuza duka ana chupa yake ya kuhifadhia moto. Niliona kwamba watu wa Guangzhou, kabla ya kula, husuuza vikombe, bakuli na vijiti kwa chai ya moto, hata kama vyombo vimekwisha oshwa. Mtu akimiminiwa chai, hugonga meza taratibu kwa vidole viwili, na huko ndiko kushukuru bila kukatiza mazungumzo. Baada ya chakula cha mchana soko la Zhongda lilitulia ghafla, wauzaji wakalaza vichwa juu ya majora yao, wakasinzia. Jioni, akina mama walikusanyika uwanjani wakafanya mazoezi kwa muziki, wajukuu wakizunguka miguuni mwao. Na watu wa huko wakisalimiana huulizana kama wamekwisha kula wali. Mtu wa pwani yetu hahitaji kufasiriwa salamu hiyo.

Ijumaa nilikwenda msikiti wa Huaisheng, ambao mnara wake mviringo unakaribia mita 36 na huitwa Mnara wa Nuru. Mapokeo ya Waislamu wa China yanasema msikiti huo uliasisiwa na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, ingawa wanahistoria hawakubaliani juu ya jambo hilo. Lisilobishaniwa ni kwamba wafanyabiashara Waislamu waliishi katika mji huu tangu zama za ufalme wa Tang, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Nilipoketi pale nilikumbuka vipande vya kaure ya China vilivyofukuliwa Gedi, na mabakuli yaliyopachikwa katika kaburi la mnara kule Mambrui. Nilimkumbuka pia twiga wa Malindi, aliyefikishwa mbele ya mfalme wa China mwaka 1415, zama za safari za Zheng He, amiri wa bahari aliyezaliwa katika ukoo wa Kiislamu. Njia niliyoijia haikuwa mpya. Waliotangulia nao walikuwa na mitaji ya watu mikononi, na walihitaji kula.

Mwenye duka niliyeelekea kukubaliana naye alikuwa mama wa makamo, mwepesi wa kikokotoo na mzito wa maneno. Siku ya nne alinialika chakula cha usiku pamoja na mumewe. Nilisita. Karamu ya biashara huko aghalabu huwa na pombe kali, na kila kikombe kinachoinuliwa ni heshima inayongojea jibu. Nilihofia kwamba kukataa kungepandisha bei, na kwamba kukubali bila kusema kungeniweka mahali nisipoweza kuinuka.

Kijana wa Kipemba akaniambia, "Ami, huku mgeni akinyamaza, atapakuliwa tu. Afadhali tuseme sasa."

"Basi mwambie yote, mwanangu," nikamjibu. "Nguruwe, mafuta yake, na pombe, iwe ya kikombeni au ya sufuriani."

Hilo la sufuriani ni la kusisitizwa, maana mvinyo wa kupikia hutiwa katika vyakula vingi bila kutajwa. Yule mama alisikiliza, akauliza maswali mawili, kisha akabadilisha mahali. Tulikula katika mkahawa wa Waislamu, kwenye meza ya duara yenye kioo kinachozungushwa. Tuliletewa mishikaki ya kondoo yenye bizari nyembamba, mkate wa tanuri, mboga za kukaangwa na samaki mzima wa mvuke mwenye tangawizi. Nilipotaka kumgeuza samaki nile upande wa pili, mume alinizuia mkono kwa tabasamu. Alikuwa mtoto wa wavuvi, na kwao samaki hageuzwi, kwani ni kama kupindua chombo baharini. Akauinua mfupa, tukala upande wa chini. Ulipofika wakati wa kuinua vikombe, alijaza changu chai, na chake vilevile. Wachina wana msemo wa desturi hiyo, kutumia chai mahali pa pombe, na hakuna anayevunjiwa heshima. Nilishusha ukingo wa kikombe changu chini ya cha mume, aliyenizidi umri, kama nilivyoelekezwa.

Chai ya tatu ilipomiminwa, yule mama aliniambia jambo ambalo dukani hakulisema. Majora meusi niliyoyachagua yalitoka katika mitungo miwili ya rangi. Chini ya taa yalikuwa sawa, lakini juani moja lilielekea wekundu na jingine ubuluu. Kupata yote kwa mtungo mmoja kungetaka wiki mbili zaidi, na meli isingewahi Idi.

Asubuhi nilitoa majora mawili hadi kwenye jua la mlangoni, nikayaona kwa macho yangu. Nilipiga simu nyumbani. Dada zangu walitaka tuchukue yote, maana Idi haingoji. Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, buibui la weusi wa namna mbili nitamvika nani? Leta nusu, iliyo moja." Tukakubaliana hivyo. Nililipa arabuni ya asilimia 30, na salio likangoja ukaguzi kabla ya kupakiwa.

Anayekusudia safari kama hii na ajifunze maandishi yale mawili kabla ya kujifunza kuhesabu kwa Kichina, aseme mipaka yake mapema na kwa upole, na akubali mwaliko mipaka hiyo ikiheshimiwa. Mlo haumfanyi mtu kuwa mwaminifu, na jora lazima litolewe juani. Lakini yako maneno ambayo muuzaji hayasemi akiwa amesimama nyuma ya meza ya duka.

Nusu ya kwanza iliwahi Idi ikauzwa yote. Ya pili ilifika baada ya sikukuu, ikachukua miezi kumalizika. Weusi wake ni mmoja.