Jembe na Shamba: Tafakuri Kuhusu Uchaguzi wa Kadi ya Michoro

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii humsuta mvivu ashindaye akipimapima mipini na makali ilhali mvua imeanza kunyesha na shamba halijalimwa. Katika enzi hii ya tarakilishi, hata hivyo, limezuka jembe ambalo halina budi kuchaguliwa. Nalo ni kadi ya michoro, yaani kile kipande kinachochomekwa kwenye ubao mama ili kuandaa picha zionekanazo kwenye kiwamba. Anayejiundia tarakilishi yake mwenyewe, kipande kwa kipande, aghalabu hutumia fedha nyingi kwa kadi hii kuliko kwa kipande kingine chochote. Akikosea hapa, amekosea pakubwa.

Achukuliwe mfano wa mwanafunzi wa Kiswahili aliyepanga chumba Membley, mtaa wa Ruiru ulio karibu na barabara kuu ya Thika. Mwanafunzi huyu amerekodi kwa simu ngano na vitendawili vya nyanya yake. Sasa anakusudia kuzihariri video hizo, azitilie manukuu ya Kiswahili, kisha azihifadhi kwa ajili ya tasnifu yake ya fasihi simulizi. Sehemu ya fedha alizo nazo imetoka kwa mama yake, aliyefikiwa na zamu yake katika chama. Sehemu nyingine ameichuma kwa kuwachapia wenzake kazi zao. Fedha hizo haziruhusu majaribio. Atanunua mara moja tu.

Mtego wa kwanza unaomngoja madukani jijini Nairobi ni jina. Muuzaji hutaja jina na nambari, na mnunuzi hudhani kwamba nambari kubwa ni sawa na kadi bora. Majina hayo yana hila. Kadi ya Nvidia iitwayo GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu iwezayo kupitisha takriban gigabaiti 48 za data kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye jina lilo hilo na kumbukumbu ya ukubwa ule ule wa gigabaiti 2, lakini ya aina nyingine, ipitishayo chini ya gigabaiti 17 kwa sekunde. Vivyo hivyo, GTX 1060 ya mwaka 2016 iliuzwa ikiwa na gigabaiti 6 au 3, na ile ya 3 haikupungukiwa kumbukumbu peke yake, bali hata viini vyake vya kukokotoa vilikuwa vichache zaidi. Anayenunua jina pasi na kusoma maandishi madogo huenda akalipia ndovu akapewa mbuzi.

Mtego wa pili ni mashine yenyewe. Wanafunzi wengi huanzia kwenye tarakilishi za mtumba zilizokuwa za ofisi ng'ambo. Mashine hizi ni imara na bei yake ni nafuu, ila baadhi yake zina visanduku vyembamba visivyoweza kumeza kadi ndefu, na chombo chake cha kugawa umeme hakikutarajiwa kulisha kipande chenye njaa kubwa. Mwanya wa kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 kwa kawaida; kadi inayodai zaidi huhitaji waya wake wa ziada. GTX 1650 ya mwaka 2019 ilibuniwa kutosheka na wati hizo 75, ijapokuwa baadhi ya watengenezaji waliiongezea waya. RTX 3060 ya mwaka 2021 hudai wati 170, na Nvidia hupendekeza chombo cha umeme cha wati 550. Yeyote akiziendesha kadi hizo kwa nguvu zote saa 5 kwa siku, baada ya siku 30 ya kwanza itakuwa imekula yuniti 11.25 za umeme na ya pili yuniti 25.5. Kwa mpangaji anayenunua tokeni kidogo kidogo, tofauti hiyo ni chakula cha siku kadhaa.

Mtego wa tatu, ambao ndio mkubwa, ni kusahau kazi. Anayeandika insha na kusoma makala hahitaji kadi ya ziada hata kidogo, maadamu vichakataji vingi vina uwezo wa michoro ndani yake. Mpenzi wa michezo ya video ana mahitaji yake. Mhariri wa video naye huhitaji kadi inayojua kuikandamiza video iwe faili dogo kwa haraka. Hapa upya si hoja. RX 6500 XT ya AMD ilitoka mwaka 2022, miaka mitatu baada ya GTX 1650, na katika michezo mingi huishinda. Lakini haina sehemu maalumu ya kukandamiza video, ilhali GTX 1650 inayo. Kwa mwanafunzi wa Membley mwenye ngano za nyanya yake, kadi kuukuu ndiyo inayojua kazi iliyomleta dukani.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Mwaka 2004, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za OpenOffice.org kwa Kiswahili, na tangu hapo hakuna awezaye kudai kwamba lugha hii haiwezi kuzungumza na mashine. Hata hivyo, mazungumzo ya dukani hujaa vifupisho vya Kiingereza, na mnunuzi huitikia kwa kichwa asije akaonekana mshamba. Angeuliza kwa Kiswahili cha kawaida, asingekuwa na pa kujificha wala muuzaji asingekuwa napo: Kadi hii inakula wati ngapi? Kumbukumbu yake ni ya aina gani? Ina urefu gani? Inakandamiza video yenyewe, au inakiachia kichakataji mzigo huo? Na kama ni ya mtumba, je, inaweza kuwashwa hapa hapa ionekane ikifanya kazi, feni zake zisikike?

Mwanafunzi akiuliza hivyo, huenda akarudi Membley na kadi ambayo haitamshangaza jirani yeyote. Fedha zitakazobaki zitanunua diski ya pili ya kuhifadhia nakala, na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye leso ya nyanya yake. Rekodi za simu zina kelele za upepo na za kuku, na hakuna kadi iwezayo kulirudisha neno ambalo halikusikika. Nyanya naye ni mkongwe, na bado zipo ngano ambazo hajasimulia.