Makofi Kabla ya Nyuzi

Ndugu mwanachuo, niwie radhi nikianza na kosa langu mwenyewe. Mwalimu afichaye makosa yake huwafundisha wanafunzi kuficha yao, na kosa lililofichwa halisahihishwi.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa darasa la tano, na kipindi cha muziki kikawa changu kwa kuwa nilijua kusoma nota. Nilichora mistari mitano ubaoni, nikaeleza thamani ya kila nota, kisha nikauliza maswali. Darasani mlikuwa na mvulana ambaye, huko nje, alipiga ngoma hata watu wazima wakasimama kumsikiliza. Mbele ya ubao hakujibu neno. Nikamwambia, wenzake wakisikia, kwamba muziki haujui. Aliketi, na tangu siku ile hakunyoosha mkono tena katika kipindi changu. Mwisho wa mwaka niliandika katika ripoti yake: dhaifu.

Miaka michache baadaye, nikiwa masomoni kwa ajili ya stashahada, nilikutana na mzee wa Kihispania aliyekuwa akiishi kwa muda katika mji ule. Kwao alikula jasho lake kwa gitaa: mchana alifundisha gitaa la klasiki, usiku aliwapigia wachezaji wa flamenko, muziki uliokulia Andalusia, kusini mwa Hispania. Nilimwendea na kitabu changu cha nota kwapani, nikimwomba anifundishe. Alikipokea, akakiweka juu ya kabati, akaniambia nipige makofi.

Alinipa mzunguko wa soleá, mmojawapo wa mitindo mikongwe ya flamenko. Mapigo yake ni 12, na mkazo huangukia pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Hebu jaribu, msomaji, hapo ulipoketi. Utaona kwamba mwanzoni mkazo huja kila baada ya mapigo matatu, kisha ghafula huja kila baada ya mawili. Kuielewa hesabu hiyo ni kazi ya dakika moja; kuipiga bila kukatika kulinichukua wiki tatu. Mimi niliyejua nota nilipotea kama mgeni sokoni.

Mzee hakuniambia kwamba muziki siujui. Alipunguza mwendo, akapiga makofi pamoja nami, akaniacha peke yangu kwa mzunguko mmoja, kisha akarudi kunipokea nilipoyumba. Nikiwa katika hali hiyo, viganja vikiniwaka, nilimkumbuka yule mvulana. Nilijiuliza ningekuwa wapi endapo mzee angenipima kama nilivyompima yeye.

Baadaye alinieleza jinsi mpigaji wa flamenko anavyolelewa kwao. Kwanza huwasindikiza wachezaji, kisha waimbaji, na mwisho kabisa ndipo hupiga peke yake. Nilimwuliza miaka yote ile alipoketi nyuma ya wachezaji alikuwa akitazama nini. Akajibu, "Miguu yao. Mchezaji akichelewa namngoja, akiharakisha namfuata." Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya kazi ya ualimu.

Sisemi kwamba nota hazina faida. Andrés Segovia, aliyezaliwa mwaka 1893 na kufariki mwaka 1987, kwa sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe, akalifikisha gitaa katika kumbi kubwa za dunia. Mwaka 1935, mjini Paris, alipiga kwa gitaa Chaconne ya Bach, muziki ulioandikwa zaidi ya miaka 200 kabla yake kwa ajili ya fidla. Karatasi ndiyo iliyoutunza.

Lakini mtazame pia Paco de Lucía, aliyezaliwa Algeciras mwaka 1947 na kufariki mwaka 2014. Alijifunza nyumbani kwa baba yake na kaka yake, kwa kusikiliza na kuiga. Sifa zake zilienea duniani bila yeye kuwa msomaji wa nota. Mwaka 1991 alipiga pamoja na okestra Concierto de Aranjuez, kazi iliyotungwa na Joaquín Rodrigo mwaka 1939. Rodrigo alikuwa kipofu tangu utotoni. Alitunga kwa maandishi ya vipofu, na gitaa lenyewe hakulipiga. Maandishi yaliyafikisha mawazo ya mtunzi kwa watu, na sikio likamwezesha mpigaji kuyatimiza. Tukimnyima mtoto kimojawapo, tumempunguzia riziki yake.

Basi utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, panga hatua zako hivi. Watoto wasikie kwanza. Kisha wapige makofi, wewe ukipiga nao. Wakishashika mapigo, waimbe au wapige ala. Hapo ndipo uwaonyeshe ubaoni alama ya kile ambacho mikono yao imekwisha kukijua. Mtiririko huu haufai kwa muziki peke yake. Mtoto aliyegawa machungwa kwa haki miongoni mwa wadogo zake anajua kugawanya kabla hujamwandikia alama ya kugawanya. Kazi yako ni kuutambua ujuzi huo na kuupatia maandishi.

Yule mvulana sasa ni mtu mzima. Nilipopata nafasi ya kurudi katika shule ile, familia yake ilikuwa imekwisha hama, wala hapakuwa na aliyejua ilikohamia. Neno nililomwambia siwezi kulifuta. Ila mwenzake utamkuta katika darasa lako, ameketi kimya mbele ya ubao, vidole vyake vikigonga dawati. Kabla hujamnyamazisha, sikiliza anapiga nini.